Halijoto ya kitanzi cha korona inapogoma: anza na dalili, fuata kisababishi

"Nimepima kitanzi, kimetoka kelvini milioni 1.2 kutoka mguuni mpaka kileleni. Nimekosea wapi?" Huo ndio ujumbe unaonifikia mara nyingi kuliko wote kuhusu vitanzi vya korona, yaani matao ya plazma (gesi moto ambayo atomu zake zimepoteza elektroni) kwenye anga la nje la Jua. Unaofuata kwa wingi: "Programu inaniambia milioni 10, na siku hiyo Jua lilikuwa limetulia tuli." Halafu kuna wa tatu, ambao huja usiku wa manane siku moja kabla ya kukabidhi tasnifu: "DEM yangu ina thamani hasi." DEM ni mgawanyo wa plazma kwa halijoto, nitaufikia mbele.

Nimezipanga hapa kwa dalili, kila moja na visababishi vyake kuanzia kile kinachowapata wengi. Nachukulia unatumia picha za AIA, darubini zilizo kwenye chombo cha SDO kilichorushwa Februari 2010, na pengine spektra (mwanga uliogawanywa kwa urefu wa wimbi) za EIS, ala iliyo kwenye chombo cha Kijapani cha Hinode kilichorushwa Septemba 2006. Ukiwa na ala nyingine namba zitabadilika, makosa ni yale yale.

Kuna kitu kimoja lazima kikae kichwani kabla ya yote, maana nusu ya dalili zinatoka humo. Korona inapenyeka kwa macho ya darubini. Tundika vyandarua vitano kimoja mbele ya kingine, mulika tochi kwa nyuma, halafu jaribu kusema uzi huu ni wa chandarua kipi. Ndivyo unavyoliona Jua kwenye urujuanimno wa mbali. Pikseli moja ya AIA inafunika kama kilomita 435 za uso wa Jua, lakini kwa kina inabeba kila kilicho mbele na nyuma ya kitanzi chako. Kwa hiyo namba iliyo kwenye pikseli haijawa ya kitanzi mpaka wewe uitenge.

Kabla ya kumlaumu mtu: ukaguzi wa dakika kumi

Fungua kichwa cha faili usome vitu viwili. EXPTIME ni muda ambao kamera ilikaa wazi. Kwa kawaida huwa kati ya sekunde 2 na 2.9, lakini wakati wa mlipuko kamera hujifupishia muda yenyewe. Kama hujagawanya picha kwa EXPTIME, unalinganisha ndoo na kikombe. QUALITY inatakiwa iwe 0.

Kisha itazame picha kwa macho, usiiamini programu peke yake. Pikseli zilizogota kwenye 16,383 zimejaa na hazina habari tena. Picha iliyofifia upande mmoja au kuwa nyeusi yote huenda imepigwa Dunia ikiwa imekaa kati ya SDO na Jua: mara mbili kwa mwaka, kwa wiki kama tatu, chombo hupitia kivulini kila siku, na siku mbaya kivuli hufika dakika 72. Ondoa picha hizo. Haziponi.

Na chaneli ya 304 iweke pembeni (kila chaneli huitwa kwa urefu wa wimbi lake kwa angstromu, kipimo kidogo sana cha urefu). Inaonyesha heliamu ya kelvini kama 50,000, haipenyeki kama zile nyingine, na hesabu zote za hapa chini zinadhani mwanga unapenya. Kila mwaka kuna mtu anaiingiza kwenye DEM kwa sababu "ilikuwa kwenye folda".

Jambo la bando nalo liseme hapa hapa. Faili moja la Jua zima lina megabaiti kama 10, na chaneli sita kila sekunde 12 ni picha 1,800 kwa saa. Hiyo ni gigabaiti 18. Kutoka hifadhi ya JSOC kule Stanford agiza kipande tu: mraba wa pikseli 500 kwa 500 kuzunguka eneo lako ni sehemu ndogo kuliko moja ya sitini ya picha nzima, na kitanzi chako kitatosha humo.

Dalili: kitanzi chote kina halijoto moja

Hii ina historia, na nitakaa nayo kwa sababu imewapoteza hata wakubwa.

Chombo cha TRACE kilirushwa Aprili 1998, kikaleta picha kali za vitanzi katika angstromu 171 na 195. Watu wakachukua uwiano wa mwanga wa chaneli hizo mbili, wakausoma kwenye jedwali la mwitikio (linalosema chaneli inaona mwanga kiasi gani kwa kila halijoto), wakapata halijoto. Vitanzi vikatoka karibu namba moja toka chini hadi juu. Nadharia ya kitanzi kilichotulia haisemi hivyo. Inasema kilele kiwe na joto zaidi ya sehemu za chini. Zikaandikwa karatasi za kueleza kwa nini, nyingine zikisema joto linaingizwa miguuni. Mwaka 2002 Martens, Cirtain na Schmelz wakaonyesha jambo la kukata maini: ukichukua plazma yenye mgawanyo mpana na bapa wa halijoto, ukaipitisha kwenye vichujio vile viwili, uwiano hutoka ule ule kila mahali. Namba ile inaweza kuwa inaeleza vichujio kuliko kitanzi.

Visababishi, basi:

*Mandharinyuma haijaondolewa.* Huyu ndiye mkosaji kwa sehemu kubwa ya ujumbe ninaopata. Kitanzi kinachoonekana wazi kwenye 193 mara nyingi ni asilimia 10 hadi 20 tu juu ya kilichokizunguka. Tuchukue hesabu. Kwenye 171 pikseli ya kitanzi inasoma 520 na jirani yake nje ya kitanzi inasoma 430. Kwenye 193 kitanzi ni 1,100, jirani ni 1,000. Uwiano wa 193 kwa 171 bila kuondoa kitu ni 2.1. Ukiondoa mandharinyuma, kitanzi chenyewe kina 90 na 100, uwiano ni 1.1. Umebaki nusu. Ile halijoto ya kwanza ilikuwa ya korona nzima ya eneo lile, na korona ya eneo zima haibadiliki sana unapotembea kutoka mguuni kwenda kileleni. Ndiyo maana ulipata mstari ulionyooka.

Ukaguzi mwepesi: pima halijoto kwa njia ile ile mahali *pasipo* na kitanzi, pikseli kumi pembeni. Ukipata ile ile milioni 1.2, umekamata kosa.

Tiba: kata picha kwa upana wa kitanzi, sio kwa urefu wake. Chagua sehemu ambayo pande zote mbili ni safi, wastanisha pikseli kadhaa za urefu kupunguza kelele, kisha weka mkunjo wa kengele juu ya mstari ulionyooka. Kengele ndiyo kitanzi, mstari ndio mandharinyuma. Mkato uwe mahali pale pale kwenye chaneli zote. Na beba makosa mpaka mwisho: kama ile 1,000 ina shaka ya asilimia 5 tu, kitanzi chako cha 193 ni 100 na kosa la 50. Wengi wakifika hapa huomba radhi kwa namba walizokwisha kuzionyesha kwenye semina.

*Kitanzi kina halijoto nyingi ndani yake.* Mandharinyuma imetoka, bado mstari umenyooka. Ongeza chaneli ya tatu. Kama plazma ni ya halijoto moja, jozi ya 171 na 193 na jozi ya 193 na 211 lazima zikubaliane. Njia nzuri zaidi ni kuchora mikunjo: kwa kila chaneli gawanya mwanga uliopima kwa mwitikio wake katika kila halijoto, chora. Mikunjo ikikutana kwenye nukta moja, una kitanzi cha halijoto moja. Ikikatana ovyo kama kamba za wavuvi, acha uwiano, nenda kwenye DEM. Roketi ya Hi-C iliyopiga picha Julai 2012 ilionyesha nyuzi ambazo AIA inaziona kama kitu kimoja kinene, kwa hiyo usishangae.

*Kweli ni halijoto moja.* Inatokea. Ila iwe jibu la mwisho.

Dalili: milioni 10 bila mlipuko

Chaneli za AIA zina majina ya angstromu, na watu hukariri kila jina na halijoto moja: 171 ni kelvini 700,000 hivi, 193 ni milioni 1.6, 211 ni milioni 2, 335 ni milioni 2.5, 94 ni zaidi ya milioni 6, 131 ni milioni 10. Orodha hiyo ni nusu ya ukweli. Chaneli ya 131 inapokea mwanga wa chuma kilichovuliwa elektroni 20, cha milioni 10, lakini pia wa chuma kilichovuliwa 7 tu, kinachong'aa kwenye 400,000. Siku isiyo na mlipuko unaona huyu wa pili. Chaneli ya 94 nayo ina chuma moto cha Fe XVIII (chuma kilichovuliwa elektroni 17) pamoja na mistari ya spektra ya chuma cha milioni 1 na kitu. Hata 193, tuliyoizoea kama ya korona tulivu, ina mstari wa milioni 20 unaojitokeza mlipukoni.

Anza na mionzi ya eksirei ya Jua iliyopimwa na setilaiti za GOES saa ile. Kama mkunjo wake umelala, milioni 10 yako inatia shaka sana. Kisha weka 131 kando ya 171. Kama vitanzi ni vile vile, umbo kwa umbo, unatazama chuma baridi.

Kwa 94 kuna njia ya kuchuja. Mtafiti Del Zanna alitoa mwaka 2013 kanuni rahisi: chukua mwanga wa 94, toa 211 iliyogawanywa kwa 120, toa tena 171 iliyogawanywa kwa 450. Kinachobaki ni makadirio ya Fe XVIII. Kabla ya kutoa, kila chaneli iwe imegawanywa kwa EXPTIME. Ukipata sufuri au hasi, hapo hakuna plazma moto ya kupimika, na hilo lenyewe ni tokeo. Liandike.

Kisababishi cha nadra zaidi: 131 na 335 zinakaa kwenye darubini moja, 94 na 304 kwenye nyingine, na mwanga kidogo huvuja upande wa pili. Majedwali rasmi ya mwitikio yanalijua hilo. Kama umejitengenezea lako, ongeza.

Dalili: DEM ina thamani hasi, au mkia mrefu wa joto

DEM ni mgawanyo unaosema ni kiasi gani cha plazma kiko katika kila halijoto. Una vipimo sita, unatafuta majibu ishirini na kitu. Hesabu za shule ya sekondari zinatosha kuona kwamba majibu yanayolingana na vipimo hivyo ni mengi mno. Programu inachagua moja kwa kanuni yake.

Sababu ya kwanza ya takataka ni makosa uliyoiambia programu. Ukimpa asilimia 1 kwa kila chaneli kwa kuwa picha "inaonekana nzuri", atajipinda mpaka avunjike kufuata kelele. Tumia kazi iliyotengenezwa kukadiria makosa ya AIA (iko kwenye SSW na kwenye aiapy, vifurushi vya programu za data ya Jua), kisha ongeza shaka ya kalibresheni, ambayo ni kubwa, karibu robo. Ndiyo, robo. Mkia mwingi wa joto hupotea hapo hapo.

Ya pili ni mandharinyuma iliyozidi kutolewa katika chaneli moja, mara nyingi 94 au 335 ambazo ni hafifu. Chaneli ikiwa hasi, DEM haina pa kwenda.

Ya tatu, picha hazijapangwa vizuri. Hiyo ina dalili yake hapa chini.

Ya nne ni wigo wa halijoto. Ukianzia milioni 1 kwenda juu, mwanga baridi wa 131 hauna mahali pa kukaa, programu inausukuma kwenye milioni 10. Shuka mpaka kelvini 300,000 hivi.

Angalizo kuhusu kuchagua njia. Ile ya Hannah na Kontar ya 2012 inaweza kutoa hasi, na mimi naipenda kwa hilo: hasi ni kengele. Ile ya Cheung na wenzake ya 2015 imefungwa isitoe hasi kabisa. Mtu akihama ya kwanza kwenda ya pili, "tatizo likaisha", hajatibu kitu, amezima kengele. Tazama basi kama mwanga uliotabiriwa na DEM unarudi kwenye ule uliopima, chaneli kwa chaneli.

Kabla ya kuamini chochote, mpe programu jibu unalolijua. Tunga DEM ya uongo yenye kilele kimoja kwenye milioni 2, pitisha kwenye majedwali ya mwitikio, ongeza kelele, igeuze. Ikirudi na vilele viwili, basi vile vilele viwili vya data yako halisi usivijengee nadharia ya kupashwa joto.

*Simama hapa* kama unachotafuta ni plazma kidogo ya zaidi ya milioni 6. Hata EIS na XRT (darubini ya eksirei) za Hinode zikiunganishwa zina upofu mahali hapo: Winebarger na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba plazma ya juu ya milioni 6 yenye kipimo cha utoaji (kiasi cha plazma kwenye mstari wa kutazamia) chini ya 10²⁷ cm⁻⁵ hupita bila kuonekana. Hakuna mpangilio wa programu utakaoifufua. Zungumza na mtu mwenye data ya eksirei ngumu.

Dalili: eneo moja la aina ile ile, 2011 milioni 2.5, 2020 milioni 1.8

Pengine Jua limebadilika. Kwanza angalia kama darubini ndiyo imebadilika. Kadiri miaka inavyokwenda uchafu hujikusanya kwenye njia ya mwanga na usikivu hushuka, na 335 na 304 ndizo zilizoumia zaidi. Roketi ndogo hurushwa mara kwa mara zikiwa na kipimo kipya cha kulinganishia, na jedwali la marekebisho husasishwa.

Kosa la kawaida ni kusahau marekebisho. La pili kwa ukawaida, na baya zaidi kwa sababu halionekani, ni kuyafanya *mara mbili*: umerekebisha picha kwa tarehe, halafu ukachukua jedwali la mwitikio ambalo nalo limerekebishwa kwa tarehe. Chagua moja. Nililikamata kwenye kazi yangu mwenyewe baada ya miezi miwili, kwa sababu 335 ilikuwa inang'aa kupita kiasi mwaka hadi mwaka kama mtu anayepandishwa cheo bila kufanya kazi.

Angalia pia toleo la CHIANTI, hifadhi ya data za atomu ambayo majedwali yote yanaitegemea. Matoleo ya zamani yalikuwa na upungufu kwenye mistari ya 94 na 131, likawekwa kiraka. Andika toleo ulilotumia, ulinganishe 2011 na 2020 kwa toleo moja.

Dalili: kitanzi kimehama kati ya chaneli

Kitanzi cha upana wa pikseli chache kikisogea pikseli mbili, unagawanya kitanzi kwa mandharinyuma. Halijoto inatoka na mistari sambamba, upande mmoja moto, upande mmoja baridi. Ukiona milia hiyo usiandike kwamba umegundua kitanzi chenye ganda.

Pandisha faili toka Level 1 (data kabla ya kupangwa) kwenda 1.5 kwa aia_prep au aiapy: sasisha kwanza taarifa za uelekeo, kisha zungusha na kulinganisha ukubwa ziwe sekunde za tao (kipimo cha pembe, 1/3600 ya digrii) 0.6 kwa pikseli. Kama unasafisha mtawanyiko wa mwanga, fanya kabla ya kuzungusha, kwa kuwa kuzungusha kunachanganya pikseli jirani.

Kwa EIS mambo ni mengi zaidi. Mawimbi mafupi na marefu hupokelewa na vihisi viwili vilivyopishana kaskazini na kusini karibu sekunde za tao 17 au 18. Mwanya wake huchanganua eneo hatua kwa hatua, pengine kwa zaidi ya saa nzima, huku Jua likizunguka kiasi cha sekunde za tao 10 kwa saa katikati ya diski. Ukilinganisha mchanganuo wa saa moja na picha moja ya AIA, upande mmoja utakaa sawa na mwingine utakuwa wa jirani.

Na kuna kosa letu sisi tunaohesabu saa kuanzia jua kuchomoza. Niliwahi kuandika daftarini "kilele saa tisa", alasiri. Wiki mbili baadaye nikaagiza data ya 09:00. Kitanzi hakipo. Saa tisa alasiri ya Afrika Mashariki ni 15:00 ya ukutani, na 12:00 ya UTC, ambayo ndiyo kichwa cha faili hutumia. Sasa naandika UTC tu, hata kwenye kiganja.

Dalili: upana wa mstari wa spektra unatoa milioni 4 wakati ioni (atomu iliyovuliwa elektroni) ni ya milioni 1.5

Hili ni la watu wa EIS, na ni jepesi. Chuma cha kelvini milioni 1.5 kina mwendo wa joto wa kama kilomita 21 kwa sekunde. Ukipima, baada ya kuondoa upana wa ala, kilomita 35 kwa sekunde na kuzihesabu zote kuwa joto, utapata milioni 4.2. Lakini zile 35 zina mchafuko wa plazma ndani yake, na mchango huo unatoka kilomita 28 kwa sekunde. Upana hauwezi kutenganisha viwili hivyo peke yake. Tena upana wa EIS yenyewe ni mkubwa kuliko ule wa joto. Kosa dogo kwenye upana wa ala linameza kila kitu. Tumia uwiano wa mistari ya ioni tofauti kwa halijoto, upana uache kwa mchafuko.

Dalili: AIA na EIS, au XRT, hazikubaliani

Zikipishana kidogo, ni kalibresheni. EIS ina marekebisho mawili yanayotumika sana, ya Del Zanna ya 2013 na ya Warren na wenzake ya 2014, yajaribu yote.

Zikipishana mara mbili hadi nne kwa kiasi cha plazma huku halijoto ikikubali, tazama wingi wa elementi. Kwenye korona ya maeneo hai, elementi zinazopoteza elektroni kwa urahisi, chuma kikiwemo, zinaweza kuwa mara mbili hadi nne ya zilivyo usoni mwa Jua. Chaneli za korona za AIA karibu zote zinaishi kwa chuma, kwa hiyo uwiano wake hauguswi. Kinachobadilika ni kiasi. XRT ina elementi nyingine na mwanga endelevu, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Kisha pima jibu lako kwa fizikia ya mkononi. Kanuni ya Rosner, Tucker na Vaiana ya 1978 inasema halijoto ya kilele ni 1,400 mara kipeuo cha tatu cha zao la shinikizo na nusu-urefu, kwa vipimo vya sentimita na gramu. Kitanzi cha nusu-urefu wa kilomita 50,000 chenye milioni 3 kinataka shinikizo la dyne 2 hivi kwa sentimita mraba, yaani elektroni kama bilioni 2.4 kwa sentimita ujazo. EIS inaweza kukupa msongamano kwa jozi za mistari kama Fe XIII 203.82 na 202.04. Ukipata mara kumi zaidi, ama kitanzi hakijatulia ama umekosea. Vitanzi vya milioni 1 hivi huwa vizito kuliko kanuni inavyoruhusu. Hivyo usimfukuze huyo haraka.

Wakati wa kuacha na kuandika kwa wenye ala

Umekagua muda wa kamera, mandharinyuma, tarehe ya jedwali na mpangilio, na chaneli moja bado inakaidi siku nzima, eneo hadi eneo, hata kwenye korona tulivu. Hapo si kosa lako tena. Usibuni kizidisho cha kuirudisha kwenye mstari. Waandikie watu wa AIA au wa EIS. Hujibu.

Watumie majina kamili ya mafaili, saa kwa UTC, toleo la programu na la CHIANTI, mistari ya msimbo uliyotumia kuanzia Level 1, na pikseli moja yenye tatizo pamoja na namba zake sita. Namba, kwa maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye alama ya kidole kwenye kioo, haimsaidii mtu.